Maneno ya Kamini

Sidi binti Ngowa hakuwa na televisheni. Hakuwa na redio, maana ile ya mumewe ilikwenda kwa fundi wa Makadara mwaka uliopita, na fundi mwenyewe akahama nayo. Hakuwa na kabati wala meza, wala kiti ambacho mgeni angekikalia bila kuambiwa aegemee upande wa kulia. Hakuwa na viatu vya kufunika. Hakuwa na hereni. Zile alizopewa na mamake ziliuzwa mtoto alipougua surua. Hata mtoto hakuwa naye karibu, kwa sababu Tsofa alisomea Kaloleni kwa nyanyake, ambako shule haikumfukuza mtu kwa kukosa sweta. Na hakuwa na herufi hata moja. Jina lake mwenyewe akilikuta limeandikwa, alilipita kama unavyompita mtu usiyemjua.

Alichokuwa nacho ni Kihindi.

Alikipata bila kukitafuta. Akiwa na miaka kumi na miwili aliletwa Mombasa kwa Mama Kusum kulea watoto, na katika nyumba ile mlikuwa na bibi kizee aliyetoka Bara Hindi hajui lugha nyingine yoyote wala hana nia ya kujifunza. Sidi alimkanda miguu bibi yule miaka kumi na mitatu. Alitukanwa kwa Kihindi, akasimuliwa hadithi kwa Kihindi, akatumwa chumvi kwa Kihindi, mpaka siku bibi alipokufa, lugha ikabaki kwa Sidi kama sufuria iliyosahauliwa na mpangaji. Watoto aliowalea walikuwa wamekua na kwenda zao, lakini yeye bado alikwenda kwa Mama Kusum kila asubuhi kufua na kupiga deki. Mshahara ule ulilipa chumba na karo ya Tsofa. Chakula kilitoka kwa mumewe, Jefwa, kibarua wa bandarini.

Walipanga chumba cha juu katika nyumba ya mawe ya Bi Mishi, kichochoro cha nyuma huko Kibokoni. Bi Mishi alikuwa mjane mwenye maneno machache na mwana mmoja aliyefanya kazi Dubai, na mwana huyo ndiye aliyemletea televisheni na video. Mwaka ule wa tisini na sita, kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Bi Mishi alifungua ukumbi wake wa chini, akatandika mikeka, wapangaji wa kike wakashuka kutazama mchezo wa Kihindi uliotoka duka la kanda. Kiingilio hakikuwa pesa. Mutanu, ambaye mumewe Mumo alikuwa wa reli, alileta karanga. Nekesa alileta sukari robo. Sidi alileta mdomo wake tu, na hakuna aliyemdai zaidi, kwa kuwa bila mdomo huo wangeketi wote kutazama wanawake waliovaa vizuri wakigombana kwa sababu zisizojulikana.

Kiti chake kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, chuma chake kimefungwa kitambaa, kando kabisa ya televisheni. Bi Mishi alishika rimoti. Maneno yakizidi, alibonyeza, picha ikasimama, na Sidi akasimulia. Hakufasiri neno kwa neno. Alimpa mama mkwe sauti ya puani, akampa mume sauti nzito ya mtu aliyeshiba, na hata mbwa wa tajiri hakukosa la kusema. Watu walipita kichochoroni wakasimama dirishani kusikiliza.

Walikuwa wameona michezo mingi. Katika ile ya zamani, wake walifunga kutwa nzima bila tone la maji kwa ajili ya uhai wa mume, jioni wakautazama mwezi kupitia chekecheke, kisha wakamtazama mume, ndipo wakanywa. Siku hiyo Mutanu alitema ganda la karanga akauliza kama kweli anatakiwa amfungie Mumo. "Mumo mwenyewe hunifungisha kila mwezi kuanzia tarehe ishirini," alisema, "na mwezi hatuutazami, tunautazamia tu."

Lakini mchezo wa mwaka ule ulikuwa wa namna nyingine. Mke alikuwa Kamini. Alivaa sari kama wenzake na alimsalimu mama mkwe kwa kumgusa miguu, lakini asubuhi alijitia mkoba begani akaenda kazini kuchora ramani za nyumba, na katika mkoba huo mlikuwa na funguo za gari lake mwenyewe. Bi Mishi hakumpenda.

"Wake wa zamani walikuwa wakilia, na moyo wako wewe mtazamaji ukapoa," alisema. "Hawa wa sasa wamjibu mume. Mke akijibu, mchezo umekwisha."

"Umeanza, Bi Mishi," alisema Nekesa.

Wote wakageuka kumtazama, kwa kuwa Nekesa hakuwa msemaji. Nje, barazani chini ya dirisha, mumewe Dishon aliyekuwa ameketi na Jefwa akaacha kuzungumza.

*

Nekesa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kwao Bungoma, na kwa miaka miwili alikuwa mke wa Dishon. Alijua kushona. Wifi wa Mama Kusum alikuwa na duka la sare za shule, na cherehani moja haikuwa na mtu. Sidi ndiye aliyepeleka jina la Nekesa, akamsifu kwa Kihindi mpaka wale Wahindi wakacheka. Mwisho wa mwezi ukifika, aanze. Hilo lilikuwa limekubalika kila mahali isipokuwa chumbani kwa Nekesa. Mama yake Dishon alikuwa ameanguka akavunjika nyonga huko bara. Alihitaji mtu wa kumtekea maji na kumgeuza kitandani, na Dishon alisema mtu huyo ameshaolewa, hakuna haja ya kutafuta mwingine.

Basi ilitokea kwamba kanda ya Alhamisi ile iliishia hapo hapo. Mama mkwe wa Kamini aliugua kijijini, kama michezo ile inavyopenda kuwauguza mama wakwe, na mumewe akaweka tikiti ya treni mezani. Tikiti ilikuwa moja. Kamini akaitazama. Muziki ukapanda, majina yakaanza kupita, na Bi Mishi akazima.

Siku ya pili, juu ya dari wakianika nguo, Nekesa alimfuata Sidi nyuma ya shuka.

"Mama Tsofa, Kamini atamjibu nini?"

"Nitajuaje, mdogo wangu? Kanda haijaingia."

Nekesa alibana kibanio, akakibandua, akakibana tena. "Usidhani nataka kumwiga. Ninachotaka nakijua. Ila nikisimama mbele ya Dishon maneno hayaji. Nikianza tu naona kama natukana. Tangu nizaliwe sijasikia mke akisema siendi, kisha akabaki mke. Nataka nisikie yanasemwaje."

Sidi alimwambia asiwe na wasiwasi. Alhamisi ijayo hatafupisha wala hatatia mbwembwe. Atamtolea maneno ya Kamini moja moja, hata Bi Mishi akikasirika.

*

Jefwa hakuwa na cheo bandarini. Alikuwa mmoja wa wanaume sitini au sabini waliosimama langoni kila alfajiri wakingoja kampuni moja ya kupakua mizigo iite vibarua wa siku. Aliyeita alikuwa nyapara, na nyapara alikuwa Dishon. Kwa miaka miwili ya ujirani, jina la Jefwa halikupitwa hata siku moja meli ilipokuwa gatini. Hawakulizungumza jambo hilo. Jefwa alimwachia Dishon upande wenye kivuli barazani, Dishon akaita jina, na dunia ikaenda.

Jumatatu jina halikuitwa. Jefwa alidhani ni bahati mbaya. Jumanne halikuitwa tena, naye akamsogelea akamwambia kwa heshima kwamba labda amemsahau.

"Sijakusahau, Jefwa," alisema Dishon, na hakupunguza sauti. "Nimesikia mkeo amefungua shule. Anawafundisha wake za watu. Mwalimu akose kukulisha?"

Wanaume wakacheka. Jefwa naye akacheka, kwa kuwa asiyecheka langoni hukumbukwa vibaya, na kicheko hicho chake mwenyewe ndicho kilichomsumbua njia nzima ya kurudi. Alifika nyumbani saa tatu asubuhi, akaketi kitandani na viatu vyake miguuni. Jumatano ilikuwa vilevile. Unga ulikuwa umebaki wa mlo mmoja.

Jioni ile alimweleza mkewe yote, hata kicheko. Sidi alisikiliza huku akichambua mchicha, akitupa majani ambayo siku nyingine asingeyatupa, kisha akiyaokota.

"Kesho useme anakubali," alisema Jefwa.

"Nani?"

"Huyo Kamini wenu. Useme amekubali kwenda kwa mama mkwe."

"Asipokubali?"

"Nani atajua? Kuna mwingine anayekisikia Kihindi humu ndani?"

Sidi aliendelea kuchambua.

"Mama Tsofa, sikuombi uongo wa mahakamani. Huu ni mchezo. Wale si watu, wanalipwa."

"Nekesa ni mtu."

"Nekesa ana mume mwenye kazi," alisema Jefwa. "Wewe una nani?"

Hakuisema kwa ukali. Angeisema kwa ukali, Sidi angepata mahali pa kushika. Aliisema akitazama soli ya kiatu chake. Sidi alipokwenda kulala alijifariji kwa jambo moja: labda Kamini atakubali mwenyewe. Huenda waliomtunga wameingiwa na huruma na mama mkwe. Akaomba Mungu Kamini akubali, na kwa kuwa hakuwahi kuomba kitu cha namna hiyo, alikiomba mara mbili.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa mapema. Nekesa alikuwa amekuja na sukari nusu kilo badala ya robo, akaketi mbele kabisa, magoti yake karibu yaguse mbuzi ya Sidi. Jefwa na Dishon walikuwa barazani. Mgongo wa Dishon ulionekana dirishani, shati la kaki limebana mabega, hautikisiki.

Kamini aliichukua ile tikiti. Mumewe alikuwa akifunga tai mbele ya kioo. Kamini akasimama nyuma yake, akaanza kusema, taratibu kwanza, halafu machozi yakamtoka naye akaendelea kusema machozi yakishuka, wala hakuyapangusa. Alisema kwa muda mrefu. Alipofika mwisho Bi Mishi akabonyeza rimoti, na Kamini akaganda kwenye televisheni, kinywa wazi, mkono wenye tikiti umeinuliwa.

Sidi alikuwa amesikia kila neno. Hakuna hata moja lililokuwa gumu. Ni Kihindi cha nyumbani, kile cha bibi kizee. Kamini alisema: Nimekuwa binti wa baba yangu, nimekuwa mke wako, nimekuwa mkwe wa mama yako, na majina yote hayo nimeyabeba wala sijayachoka. Lakini hakuna hata siku moja mliyoniuliza jina langu mwenyewe linataka nini. Mama yako nampenda. Tutamtafutia mtu, tutamlipa pamoja, na kila mapumziko nitakwenda kumwosha kwa mikono yangu. Kazi yangu siiachi. Nakwambia haya nikiwa mkeo, na kesho nitaamka mkeo. Tikiti hii irudishe.

"Sidi," alisema Bi Mishi. "Mbona kimya? Yuasemaje?"

Sidi alitazama miguu yake.

"Amesema..." alianza. "Amesema, 'Mume wangu, machozi haya si ya hasira. Nalia kwa kuwa nimechelewa. Mama yako ni mama yangu. Kazi hupatikana, mama hapatikani. Tikiti hii nimeipokea. Kesho nitafunga virago.'"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, Sidi alimpa Kamini sauti ya kawaida, isiyo na mbwembwe. Bi Mishi akashusha pumzi, akasema kumbe mtoto ana adabu. Mutanu akapenga kamasi katika kanga. Picha ikaachiwa, na kwa bahati waliotunga mchezo wakaonyesha stesheni, treni, na umati wa watu, na mtu asiyejua hangejua ni nani anayesafiri.

Nekesa hakulia. Alikaa akitazama kinywa cha Sidi, siyo televisheni, kama mtu aliyeambiwa subiri na bado anasubiri.

"Ndiyo hayo tu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hayo," alisema Sidi.

Nje, Dishon alimwomba Jefwa kiberiti.

*

Ijumaa alfajiri jina la Jefwa liliitwa la kwanza. Jumamosi pia, meli ya ngano, na akarudi na mfuko wa kaki uliokuwa na samaki. Jumapili Dishon alimwomba amsaidie kubeba sanduku la mkewe mpaka stendi ya Mwembe Tayari. Sidi alifuata nyuma akibeba jiko la mchina la mafuta ya taa na blanketi.

Mbele ya basi, makuli wa stendi wakirusha mizigo juu ya paa, Nekesa alimshika Sidi mkono, akauweka kati ya viganja vyake viwili. Alimshukuru. Alisema alikuwa amejiona mwovu, kwa jinsi alivyokuwa akimwombea mama wa watu mabaya moyoni ili asiende. Lakini ikiwa Kamini, mwenye gari na shahada, ameweza kusema mama hapatikani, basi yeye fundi wa sare ni nani.

"Ulisema utanitolea moja moja, ukanitolea," alisema.

Sidi alifungua kinywa. Dishon alikuwa hatua mbili, akihesabu mizigo. Jefwa alikuwa amesimama naye, sanduku begani, akimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayeomba asiangushwe. Sidi akasema, "Ufike salama, mdogo wangu. Utusalimie," na kondakta akagonga ubavu wa basi.

*

Uongo wa mdomo huishi mpaka macho yaingilie. Alhamisi iliyofuata mchezo ulianza, na picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya Kamini akiwa ofisini, miwani usoni, kalamu sikioni, ramani imetandazwa mbele yake, anamcheka mtu kwenye simu.

Bi Mishi alibonyeza.

"Sidi. Huyu hakwenda shamba kumuuguza mama mkwe?"

"Labda... labda anakumbuka ya zamani," alisema Sidi.

Picha ikaachiwa. Kamini akashuka ngazi, akapanda gari lake, akaenda nyumbani, akamkuta mumewe jikoni amevaa aproni anaunguza wali. Wakacheka wote wawili. Kisha ikaonekana nyumba ya kijijini, na kando ya kitanda cha mama mkwe alikuwa ameketi mwanamke mwingine mnene mwenye sare ya uuguzi. Haikuhitaji Kihindi.

Bi Mishi akazima televisheni kabisa. Alikuwa mtu wa mila, na alikuwa amempenda yule Kamini wa Sidi kuliko Kamini mwenyewe, lakini hilo halikumzuia.

"N'ambie alinena nini siku ile."

Sidi akayasema yote, kwa mpangilio wake, hakusahau hata neno. Alieleza pia habari ya langoni, na siku tatu, na unga. Alipomaliza ilisikika sauti ya mwadhini wa msikiti wa jirani akijaribu kipaza sauti.

"Unga tungekuchangia," alisema Mutanu. Hakusema kwa hasira. "Ungetwambia tu, Mama Tsofa. Unga ni kitu gani?"

Bi Mishi alisema nyumba yake haina mlango wa kumfungia mpangaji, Sidi aje akitaka. Lakini asifasiri. Watatazama kama viziwi, kila mtu aelewe ajaaliwavyo na Mungu. Na tangu siku hiyo walitazama hivyo, na Sidi aliketi mkekani nyuma yao akisikia kila kitu, na hakuna aliyegeuka kumuuliza. Siku nyingine wanawake walikisia kinyume kabisa, wakamlaumu mtu asiye na kosa, naye akanyamaza.

*

Barua ya Nekesa ilifika kwa sanduku la posta la Bi Mishi wiki tatu baadaye. Jefwa aliisoma kwa sauti, akiwa ameketi kitandani, kidole kikifuata mstari. Alikuwa amefika darasa la nne na alisoma bila kukwama.

Nekesa alisalimu watu wote wa nyumba. Alisema mama mkwe bado hawezi kuketi. Kisima kilikuwa mbali, mvua haikunyesha, na mikono yake ilikuwa imekuwa migumu mno hata sindano ikishikwa haihisiki. Dishon hakuwa ameleta pesa wala neno. Mwishoni aliandika kwamba usiku akishamgeuza mama hujiuliza habari za Kamini. *Yeye huko kijijini anaishije? Je, amezoea? Nisimulie, dada, nipate moyo, maana mimi bado.*

Jefwa aliikunja akairudisha katika bahasha.

Asubuhi yake, kwa Mama Kusum, Sidi alisikia kwamba cherehani ile ilipewa msichana aliyeshona mifuko ya kaptura nje ndani, akaondoka. Wifi wa Mama Kusum alikuwa akiuliza habari za yule mwanamke wa Bungoma. Angemngoja mpaka mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili, na barua ya bara ilichukua siku nne au tano.

Sidi alinunua karatasi mbili, bahasha na stempu. Jefwa aliporudi kutoka kazini na kuoga, Sidi aliviweka juu ya sanduku la nguo walilolitumia kama meza.

"Niandikie," alisema.

Jefwa aliuliza aandike nini. Sidi akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma, kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu, akaanza. Amwambie Nekesa kwamba alimdanganya. Amwambie Kamini hakwenda. Halafu akamtolea maneno ya Kamini moja moja: binti wa baba yangu, mke wako, mkwe wa mama yako, jina langu mwenyewe. Tutamtafutia mtu, tutamlipa pamoja. Nakwambia haya nikiwa mkeo, na kesho nitaamka mkeo. Tikiti hii irudishe. Amwambie cherehani inamngoja mpaka mwisho wa mwezi, na akija atalala chumbani humu humu, kwenye mkeka, mpaka ajipange.

Kalamu ilikwenda, ikasimama, ikaenda.

"Barua za kule hufika kwa shemeji yake Dishon, mwalimu wa huko," alisema Jefwa bila kuinua kichwa. "Ndiye anayezifungua."

"Andika."

"Dishon ataisikia kabla ya Nekesa."

"Andika, Baba Tsofa."

Akaandika. Sidi alisema mengi, naye alikuwa mtu wa kusimulia, akarudia mengine ili yakae vizuri. Alipomaliza alimwomba mumewe amsomee. Jefwa akasoma, na maneno yalikuwa yote, hata lile la tikiti, hata lile la mkeka. Hakuruka hata moja. Ila Sidi aliyatazama macho yake. Siku ile ya barua ya Nekesa yalikwenda kushoto kulia, kushoto kulia, na kidole nyuma yake. Sasa kidole kilikuwa gotini na macho yalikuwa dirishani. Akaitazama karatasi. Hakujua herufi, lakini alijua wingi na uchache, na mistari ilikuwa mitano.

Hakuna mtu Mombasa nzima aliyejua kuliko Sidi jinsi jambo lile linavyofanywa.

Jefwa alimaliza kusoma. Sidi akamtazama. Alikuwa na chumvi ya jasho kwenye nyusi ambayo maji ya kuoga hayakuitoa, na bega lake la kulia lilikuwa limevimba kwa magunia.

"Ni nzuri," alisema Sidi.

Jefwa akakunja karatasi mara tatu, akaitia katika bahasha, akaulamba ukingo wake, akaukandamiza kwa kidole gumba kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Sidi akalowesha stempu mwenyewe. Karatasi ya pili, ile tupu, akaiweka chini ya godoro.

Chumba cha Mutanu kilikuwa hatua sita kutoka chao. Mutanu alijua kusoma. Sidi alisimama mbele ya mlango ule, bahasha mkononi, akisikia mwiko ukigonga sufuria ndani, na nyuma yake akasikia kitanda kikilia Jefwa alipojilaza. Kesho kulikuwa na meli ya mbolea. Angeitwa.

Akashuka ngazi. Alipita vichochoro mpaka akatokea barabara ya Digo, akasimama mbele ya posta kuu. Kulikuwa na matundu mawili, akamuuliza askari lipi ni la bara. Askari akamwonyesha kwa kidevu. Sidi akaitia barua nusu, akaishikilia hapo mpaka mtu wa nyuma yake akakohoa, kisha akaiachia.